Kusoma Majira Juu ya Mawe na Ukingoni mwa Ziwa: Mwongozo Kamili kwa Mkazi wa Mwanza

Anayepanda kilima cha Isamilo mwishoni mwa Agosti hukuta jiwe linalounguza nyayo hata kupitia kandambili, nyasi zilizokauka hadi zikavunjika kama vijiti vya kiberiti, na makangaga ya nyufani yaliyojikunja kama ngumi. Akirudi siku tatu baada ya mvua ya kwanza kubwa ya vuli, makangaga yale yale yamefunguka na kuwa ya kijani, na katika vidimbwi vya juu ya jiwe maji yamekwisha kuanza kuwa na uhai. Akishuka siku hiyo hiyo hadi ziwani, atashangaa kwamba maji yako chini kabisa kwenye mawe, kana kwamba habari ya mvua haijafika huko.

Hilo ndilo jambo ambalo mwongozo huu unajengwa juu yake. Hapa kwetu majira hayana saa moja, bali yana saa tatu zinazokwenda kwa mwendo tofauti. Jiwe huitikia mvua kwa saa na siku. Mti wenye mizizi mirefu huitikia kwa majuma, na mara nyingine hutangulia mvua. Ziwa huitikia kwa miezi. Mwangalizi asiyezitenganisha saa hizi tatu ataandika mengi na kuelewa machache.

Inafaa pia kueleza mapema kwa nini tunaangalia mvua kuliko joto. Mwanza iko digrii mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mchana mfupi kuliko yote haifiki nusu saa. Jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 14 Machi na tarehe 29 Septemba. Siku hizo, kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, mti uliosimikwa wima hauna kivuli. Kwa hiyo mimea mingi ya hapa hupokea ishara zake kutoka kwenye maji: vuli ya Oktoba hadi Desemba, kipindi chepesi cha Januari na Februari ambacho miaka mingine hakionekani kabisa, masika ya Machi hadi Mei, kisha kiangazi cha Juni hadi Septemba.

Hatua ya kwanza: Chagua njia fupi utakayoirudia

Chagua njia ambayo utaimaliza kwa muda usiozidi saa moja. Nasisitiza ufupi wake, kwa sababu njia ndefu hupendwa kwa majuma matatu tu, kisha huachwa. Njia hiyo ipite sehemu nne: jiwe tupu linalopigwa jua, ufa wenye mti, chini ya kilima penye udongo, na ukingo wa maji.

Jiwe tupu la graniti ni jangwa dogo juu ya mlima. Linapata mvua ile ile inayonyesha mjini, karibu milimita elfu moja kwa mwaka, lakini halina udongo wa kuishika. Maji hutiririka na kuondoka, na jua likichomoza uso wa jiwe huwa mkavu kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana mimea inayoishi pale ina tabia za mimea ya jangwani. Mshubiri huhifadhi maji katika majani yake manene, katani mwitu vilevile, na mnyaa umeacha kabisa kutegemea majani, ukajitengenezea chakula kwa vitawi vyake vya kijani. Lakini hatua hamsini chini yake, mahali ambapo maji yote yaliyokataliwa na jiwe hukusanyika katika ufa, mkuyu husimama na kivuli kizito mwaka mzima. Kwa mwendo wa dakika chache umetoka jangwani ukaingia bondeni, na kila hatua ina majira yake.

Wanaoishi Kwimba, au sehemu za Misungwi na Magu zilizo mbali na maji, watumie ngitili badala ya ukingo wa ziwa. Ngitili, lile eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa mvua na kulifungua kiangazi kinapokomaa, ni mahali pazuri mno pa kuangalia, kwa kuwa nyasi zake hukua, huchanua na kukauka bila kung'atwa na ng'ombe. Kisiwa cha Saanane, kilichoanza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, kina mawe, miti na maji mahali pamoja, nacho hufikiwa kwa boti kwa dakika chache kutoka Capri Point. Kwa sababu ya kiingilio, kifanye kituo cha kila mwezi, si cha kila juma.

Kabla ya kuanza, omba ruhusa. Vilima vyetu vina wenyewe, na baadhi ya mawe yana heshima ya matambiko. Ukimwamkia mzee wa nyumba iliyo chini ya kilima na kumweleza unachofanya, utapata ruhusa pamoja na habari za miaka thelathini iliyopita ambazo hutazipata kwingine.

Hatua ya pili: Chagua mimea mahususi, si aina za mimea

Kosa la kawaida ni kuandika kwamba "miembe imechanua". Mwembe upi? Mwembe wa bondeni na mwembe wa mlimani hupishana kwa majuma. Chagua mimea minane hadi kumi, uipe namba, uipige picha pamoja na alama isiyohama kama vile jiwe kubwa, na urudi kwenye mimea hiyo hiyo kila mara. Usipigilie misumari wala kupaka rangi.

Orodha yangu ina mishubiri miwili, mmoja juu ya jiwe na mwingine kwenye udongo; mnyaa mmoja wa ua; mkwaju; mkuyu; mwembe; mjakaranda; mkrismasi, yaani ule mti wa barabarani wenye maua mekundu; kipande cha nyasi cha mita moja kwa mita moja; na kichaka cha mafunjo. Mwembe, mjakaranda na mkrismasi si miti ya asili yetu, lakini ni mizuri kwa anayeanza kwa sababu dalili zake huonekana kwa mbali. Mwembe huchanua kiangazi na kuivisha kuanzia Novemba. Mjakaranda hutandaza maua ya zambarau barabarani vuli inapokaribia. Mkrismasi hufuata, na jina lake linaeleza lenyewe ni lini huwa umepamba moto.

Mkuyu unahitaji onyo. Watu wengi huuchagua wakidhani utawaonyesha majira, kisha hukata tamaa kwa sababu mkuyu mmoja huwa na matunda Machi na jirani yake Agosti. Huo ndio utaratibu wake. Tunda la mkuyu huchavushwa na nyigu wadogo sana wanaozaliana ndani ya tunda lenyewe, na nyigu hao huishi siku chache tu. Wasingedumu kama mikuyu yote ingezaa kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo usiutumie mkuyu kama kalenda ya mvua. Uutumie kama kalenda ya ndege, kwa kuwa siku ukizaa, hondohondo na ndege wengine wala matunda hujaa humo tangu alfajiri.

Kwa kila mmea, amua mapema maana ya maneno utakayotumia. Mimi huandika "ua la kwanza" ninapohesabu maua matatu yaliyofunguka kabisa, si machipukizi. Kiasi nakiandika kwa maneno manne tu: hakuna, chache, nusu, tele. Anayebadilisha maana ya "tele" katikati ya mwaka amepoteza mwaka.

Hatua ya tatu: Daftari

Tumia penseli, kwa sababu wino huyeyuka mvua ikilowesha ukurasa, na uchague siku moja ya juma na saa moja. Saa moja asubuhi inafaa: jua halijawa kali, wanyama wa jiwe wanatoka kuota jua, na upepo wa ziwani haujaamka.

Andika pia kisichokuwepo. Mwaka wangu wa kwanza niliandika tu yale yaliyonifurahisha, na nilipotaka kujua mbayuwayu walifika lini, nilikuta "mbayuwayu wengi" tarehe 20 Oktoba na kurasa tatu tupu kabla yake. Sikuweza kujua kama hawakuwepo au sikutazama juu. Tangu hapo kila juma naandika "mbayuwayu: hakuna" hadi siku watakapoonekana, na neno hilo "hakuna" ndilo linaloipa thamani tarehe ya kuwasili. Ukurasa wangu wa kawaida unasomeka hivi:

"Jumamosi, saa 1.05 asubuhi. Mvua ya juma: mm 0. Upepo wa kusini, mwepesi. Mshubiri wa jiwe: ua tele, ndege chozi wawili. Mshubiri wa udongo: ua chache. Nyasi: kavu zote. Pimbi: saba, hakuna watoto. Mbayuwayu: hakuna. Maji: sm 64 chini ya alama."

Hatua ya nne: Kipimo cha mvua cha chupa

Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa ni muhimu, nazo zifuatwe, lakini mvua ya Mwanza hunyesha kwa mafungu; Capri Point inaweza kulowa huku Igoma vumbi likitimka. Unahitaji kipimo chako.

Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka, bila migongo. Ikate mahali bega linapoanza, kisha kigeuze kichwa chake na kukipachika ndani kama mrija wa kumiminia, ili maji yasipae kwa jua. Kitako cha chupa hakiko bapa, kwa hiyo tia kokoto humo na umimine maji hadi yafunike kokoto na kufika sehemu iliyonyooka. Hapo chora mstari wa sifuri. Bandika rula ikianzia kwenye mstari huo. Kwa kuwa mdomo na ubavu vina upana mmoja, milimita moja ya rula ni milimita moja ya mvua, yaani lita moja ya maji katika kila mita ya mraba ya ardhi. Kisimamishe juu ya kigingi mahali pa wazi, mbali na mti au paa kwa angalau mara mbili ya urefu wake. Soma kila siku saa tatu asubuhi, ambayo ndiyo saa inayotumiwa na vituo vya mvua nchini, kisha rudisha maji kwenye sifuri. Kiangazi, ongeza maji kidogo mstari unapoonekana umeshuka.

Hatua ya tano: Kulisoma jiwe

Hapa kaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Anza na uso wenyewe. Madoa ya kijivu, ya machungwa na ya kijani yaliyogandamana na jiwe ni kuvumwani, na jina hilo limesema kweli, kwa kuwa ni kuvu na mwani wanaoishi kama kiumbe kimoja. Wakati wa ukavu hayafanyi kazi yoyote inayoonekana. Chukua kifuniko cha chupa chenye maji, yamwage juu ya doa moja Agosti, na utazame kwa makini: kwa dakika chache rangi itakolea. Ndivyo utakavyoelewa kwamba kilima kilichoonekana kimekufa kilikuwa kikingoja tu.

Kisha mshubiri. Huu huchanua wakati wa ukavu, pale mimea mingine inapofunga milango, na mashina yake ya maua mekundu au ya manjano huwa meza ya chozi, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda. Simama hatua tano tu, utamwona akining'inia kwenye shina, akizamisha mdomo ua moja baada ya jingine kutoka chini kwenda juu, na unga wa njano ukibaki kwenye paji lake.

Mjusi wa mawe yetu anastahili ukurasa wake. Jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, linatokana na mji huu, naye alielezwa na Arthur Loveridge mwaka 1923. Dume lenye himaya lina kichwa na mabega ya waridi yenye kuelekea wekundu na kiwiliwili cha buluu. Jike na vijana ni wa hudhurungi. Rangi ya dume hufifia likiogopa au likipoa, kwa hiyo usiandike rangi ya saa moja asubuhi ukailinganisha na ya saa tano. Hesabu madume yenye rangi iliyokolea kwenye jiwe lile lile kila juma, andika siku unapoona vijana wa urefu wa kidole, na uilinganishe na mvua.

Pimbi nao hutoka asubuhi kuota jua kwa sababu miili yao haidhibiti joto vizuri. Mahali wanapokojoa hubaki michirizi meupe kwenye jiwe, ambayo hukuonyesha makao yao hata wasipokuwepo. Mimba ya pimbi huchukua miezi saba hadi minane, muda mrefu kwa mnyama wa ukubwa wa sungura, kwa hiyo watoto unaowaona leo walitungwa katika majira mengine kabisa. Ni jambo la kukumbuka kabla ya kuhusisha kuzaliwa kwao na mvua ya juzi.

Tahadhari ya jiwe: usiingize mkono katika ufa usiouona ndani, kwa kuwa humo hukaa nyoka na nyuki, usipande mvua ikiwa imelowesha kuvumwani, maana huteleza kama sabuni, na ukisikia radi, shuka.

Hatua ya sita: Wiki za mvua ya kwanza

Kuanzia katikati ya Septemba, acha utaratibu wa mara moja kwa juma na utoke kila siku ukiweza, hata kwa dakika kumi. Mambo mengi hutokea mara moja.

Wazee husema dudumizi huita mvua. Sauti yake, ile ya maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu chenye shingo nyembamba, husikika sana majira haya. Usiikubali wala kuikataa; andika kila siku aliyolia na kila siku iliyonyesha, ili miaka mitatu ya daftari ijibu. Mbayuwayu wanaozaliana Ulaya na Asia huwasili Septemba na Oktoba, na huondoka kufikia Aprili. Tofautisha tarehe zao na za viumbe vinavyofuata mvua: mbayuwayu ameanza safari akiwa mbali, hajui kama Mwanza kumenyesha. Kumbikumbi, kinyume chake, hungoja udongo ulowe. Utawaona jioni baada ya mvua nzuri, wakitoka kwenye kichuguu kama moshi, na asubuhi mbawa zimejaa chini ya taa. Senene, wanaosifiwa zaidi ng'ambo ya Bukoba, nao huja kwenye taa mwishoni mwa vuli.

Hatua ya saba: Ukingo wa ziwa

Tafuta jiwe lisilotikisika lenye uso wima unaoingia majini. Chagua alama ya asili juu yake, mstari au pembe, na upime kwa kanda kutoka alama hiyo hadi kwenye maji, alfajiri kabla ya mawimbi. Pima mara tano, uchukue wastani. Fanya hivyo ukiwa umesimama juu ya jiwe. Usisimame ndani ya maji, kwa kuwa kichocho ni tatizo kubwa katika mwambao huu, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, na mamba na viboko hawajaisha katika ghuba zetu. Aliyekwisha kuyakanyaga maji hayo mara kwa mara aende akapimwe.

Utagundua kwamba ziwa huwa juu zaidi Mei na Juni, mvua zikiwa zimekwisha au zinakwisha, na chini zaidi kabla ya vuli kukolea. Sababu yake ni hii: takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Viktoria ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake, juu ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na njia pekee ya kutokea ni Mto Nile kule Jinja. Ziwa hujumlisha. Kila mwezi ambao mvua inashinda mvuke, maji huongezeka, hata kama ni kidogo. Tofauti ya mwaka mmoja mara nyingi haifiki nusu mita, lakini miaka hurundikana: kati ya 1961 na 1964 maji yalipanda kwa zaidi ya mita mbili, na mwaka 2024 yalifika kiwango cha juu sana, mwambao ukafurika. Kwa hiyo chagua alama iliyo juu ya kutosha.

Juni hadi Agosti, upepo wa kusini ukivuma kwa siku nyingi, maji ya juu hupoa na kuchanganyika na ya chini. Miezi ya mvua, matabaka hayo hutengana tena na maji ya kilindini huishiwa hewa. Jambo hili huwezi kuliona kwa macho, lakini wavuvi huliona kwenye nyavu. Nenda mwaloni, Igombe au Kayenze, mitumbwi inapoingia. Mzee mmoja, baada ya kuniitikia "Marahaba, mwanangu," aliniambia niache kumuuliza tarehe na badala yake nimuulize upepo na mwezi. Alikuwa na haki. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi wakati wa giza, taa zao zinapovuta dagaa, na hupumzika mbalamwezi. Karibu na mwezi mwandamo ndipo pia huinuka yale mawingu ya wadudu wadogo wasiouma, yanayosimama juu ya ziwa kama moshi wa moto mkubwa. Lava wao hukaa kwenye tope la chini. Ongeza basi safu ya mwezi katika daftari lako.

Kwenye mafunjo, mtazame mnana. Dume la manjano likianza kufuma, andika idadi ya viota vibichi vya kijani na vikavu vya hudhurungi. Magugu maji usiyachukue kama dalili ya msimu kwa haraka: upepo ukigeuka, ghuba iliyofunikwa jana huwa wazi leo. Mvua zikijaza mito, ningu na kambale hupanda kwenda kutaga, na habari hiyo utaipata sokoni kabla ya kuiona mtoni.

Anayeweza kusafiri, mwishoni mwa Mei au Juni aende lango la Ndabaka, kilomita 140 hivi kutoka mjini, ambako ukanda wa magharibi wa Serengeti hupokea nyumbu walioziacha nyanda za kusini zilizokauka. Kwa siku moja utaona kwa wanyama wakubwa kile ambacho umekuwa ukikiandika kwa kuvumwani na mjusi.

Hatua ya nane: Kulinganisha baada ya mwaka

Anza mwaka wako Agosti, si Januari, ili uwe na hali ya ukavu kama msingi. Mwaka ukitimia, jumlisha mvua kwa kila siku kumi na uichore kwenye karatasi ya miraba. Chini yake chora mistari mitatu: wa jiwe, wa miti, wa ziwa. Pima umbali kati ya kilele cha mvua na kilele cha kila mstari, na uandike idadi ya siku. Usitoe hukumu kuhusu mabadiliko ya tabianchi kwa daftari la mwaka mmoja; mwaka mmoja hukuonyesha utaratibu, na kuanzia wa tano ndipo unaweza kuuliza kama utaratibu unasogea.

Picha za mimea na wanyama unaweza kuziweka kwenye tovuti ya iNaturalist, na orodha za ndege kwenye tovuti ya eBird, ambako watu wengine watakusaidia majina na tarehe zako zitabaki hata daftari likipotea. Daftari lenyewe lihifadhi kavu, na katika lile la mwaka wa pili, kabla ya jambo lingine lolote, andika ukurasa wa kwanza mahali alama yako ya maji ilipo na picha zilipopigiwa, ili mtu mwingine aweze kusimama juu ya jiwe lile lile na kupima kutoka pembe ile ile.